Sura ya Sita: Kupe Anaishi Ukutani

Ukimkuta kupe mmoja sikioni mwa mbwa wako, jua wenzake wengi zaidi wako bandani na huwaoni. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mfugaji alishike, kwa sababu karibu kila kosa linalofanywa katika kupambana na kupe linatokana na kudhani kwamba kupe anaishi juu ya mbwa. Haishi hapo. Anakwenda hapo kula, na akishashiba anaondoka.

Ninayemzungumzia ni kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus sanguineus. Ameenea duniani kuliko kupe mwingine yeyote, na siri ya kuenea kwake ni kwamba hahitaji pori. Kupe wengine wanategemea nyasi, umande, swala au ng'ombe. Huyu anatosheka na nyumba yenye mbwa. Anaanza yai, anakuwa lava mwenye miguu sita, kisha tunutu mwenye miguu minane, mwisho kupe mzima. Kila hatua inahitaji mlo mmoja wa damu, na milo yote mitatu anaweza kuipata kwa mbwa yuleyule. Baada ya kila mlo hujidondosha, hutafuta ufa, hujibanza humo mpaka ajivue ngozi, kisha hutoka tena akiwa na njaa. Jike mzima hunyonya kwa wiki moja au zaidi, huvimba kama punje ya maharage, hudondoka, na huko alikojificha hutaga mayai yanayoweza kufika 4,000. Kisha hufa. Mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hadi tano, na katika joto la pwani yetu mzunguko mzima huweza kukamilika ndani ya miezi miwili au mitatu.

Piga hesabu ya muda na utaona kwamba sehemu kubwa mno ya maisha ya kupe huyu inapita mbali na mwili wa mbwa. Na akikosa mbwa hafi upesi. Kupe mzima aliyejibanza mahali penye unyevu wa kutosha huweza kukaa zaidi ya mwaka mmoja bila kula, akisubiri.

Mbwa wengi wa ulinzi katika miji yetu wana maisha ya namna moja. Alfajiri wanafungiwa bandani, usiku geti likishafungwa wanaachiwa. Banda lenyewe ni la mabanzi, au la matofali yasiyopigwa lipu. Paa ni bati, na sakafuni limetandikwa gunia au kipande cha godoro kuukuu. Kupe hawezi kupata makazi bora kuliko hayo. Pana kivuli, pana joto, pana nyufa zisizo na idadi, na mlo unaletwa kila asubuhi na kufungiwa mlango hadi jioni. Mimi naliona jambo hili kuwa la kusikitisha kuliko kupe wenyewe: mnyama anayetulinda usiku tunamfungia mchana kutwa pamoja na wanaomnyonya, na hana pa kukimbilia.

Chukua tochi uingie humo bandani. Usianzie chini, kwa sababu kupe huyu ana tabia ya kupanda juu. Mulika pale ukuta unapokutana na paa, kwenye viungo vya mbao, nyuma ya bawaba za mlango, ndani ya matundu ya misumari iliyong'oka. Utaona majike waliovimba wenye rangi ya kijivu, wamejipanga ufani bila kusogea. Kando yao kuna maganda makavu ya tunutu waliojivua, na katika kona zenye giza kabisa kuna marundo ya mayai madogo sana ya kahawia yanayong'aa. Ukigusa ukuta kwa kiganja na kupuliza pumzi karibu nao, wenye njaa wataanza kutembea kuelekea kwako, maana hewa tunayoitoa puani ndiyo inayowaambia kwamba mlo umefika.

Kwa wakazi wa Dodoma na maeneo mengine ya bara, habari ya kunyonywa na wakaao ndani ya nyumba si ngeni. Papasi, jamaa wa kupe mwenye ngozi laini, amewaletea watu homa ya vipindi kwa vizazi vingi kutoka kwenye sakafu na kuta za udongo. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton alikufa huko Kongo kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Papasi amepungua pale ambapo sakafu zimepigwa saruji na kuta zimezibwa nyufa. Banda la mbwa linahitaji uangalizi uleule, lakini ni nadra kulipata.

Sasa tuseme kupe analeta nini, kwa kuwa wapo bado wanaoamini kwamba anakunywa damu kidogo tu na kuwasha ngozi.

Ugonjwa unaonipa hofu kubwa zaidi ni erlikiosisi. Unatokana na bakteria anayeitwa Ehrlichia canis, anayeishi ndani ya chembe nyeupe za damu, yaani ndani ya askari walewale waliopaswa kumuua. Watafiti Wafaransa Donatien na Lestoquard walimweleza kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, mbwa wa jeshi la Marekani waliokuwa Vietnam walianza kufa, wengi wao German Shepherd, huku damu ikiwatoka puani. Zaidi ya mbwa 100 walikufa kabla ya chanzo kueleweka vizuri. Kwetu hakukuwa salama pia. Miongoni mwa majina ambayo ugonjwa huu umewahi kupewa katika vitabu vya tiba ya wanyama ni ugonjwa wa kutokwa damu wa Nairobi.

Ubaya wa erlikiosisi ni kwamba inakuja kwa awamu. Wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa na kupe mwenye vimelea, mbwa anapata homa, anakataa chakula, analala kutwa. Wengine wanatokwa matongotongo, wengine wanavimba tezi. Baada ya wiki chache anaonekana kupona, hata bila dawa. Anakula, anabweka, anamrukia mwenye nyumba anaporudi kazini. Huo ndio wakati wa hatari, kwa sababu bakteria wamejificha, hasa kwenye wengu, na wanaweza kukaa humo miezi au miaka. Siku wakiamka, wanashambulia uboho, kiwanda cha damu. Fizi zinakuwa nyeupe, madoa mekundu yanajitokeza tumboni, pua inavuja damu isiyokatika. Mbwa akifika hapo, mara nyingi tunampoteza.

Dawa yake ipo na si ya gharama kubwa: doksisaiklini, kidonge ambacho hata binadamu hutumia. Hutolewa kwa siku 28. Naitaja idadi hiyo kwa makusudi, maana mbwa huchangamka siku ya tatu au ya nne, na mwenye mbwa huona hakuna haja ya kuendelea. Dozi iliyokatizwa inamrudisha mbwa kwenye ile awamu ya kujificha, na kumwacha akiwa chanzo cha ugonjwa kwa mbwa wengine wote wa uani. Hapa kuna jambo moja la kutia moyo. Kupe jike hawarithishi wanawe Ehrlichia kupitia mayai. Kila kizazi cha lava kinazaliwa kikiwa safi, na kinaupata ugonjwa kwa kunyonya mbwa aliyeugua. Kumtibu mbwa huyo mpaka mwisho ni kukata mnyororo katikati.

Ugonjwa wa pili ni babesiosisi. Wafugaji wa ng'ombe wanamjua ndugu yake kwa jina la kukojoa damu. Kimelea huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Mkojo unakuwa na rangi ya kahawa, macho na fizi zinageuka njano au nyeupe, mbwa anahema akiwa amelala. Mwaka 1901, huko Cape, kusini kabisa mwa Afrika, mtaalamu wa wadudu Charles Lounsbury alithibitisha kwamba homa ya manjano iliyokuwa ikiua mbwa wa huko ililetwa na kupe. Aligundua pia jambo lililowashangaza wengi: kupe walioambukiza hawakuwa wale walionyonya mbwa mgonjwa, bali watoto wao, tena baada ya kukua. Katika ugonjwa huu mayai nayo yanabeba vimelea.

Kupe wa Lounsbury hakuwa yule wa kahawia. Alikuwa kupe mwingine, mwenye rangi ya kuelekea njano, ambaye siku hizi huitwa Haemaphysalis elliptica, na hata kwetu yupo. Yeye haishi ukutani. Anapokuwa mchanga anakula kwa panya, na akishakuwa mzima ndipo anampanda mbwa. Kwa hiyo mwenye kuishi karibu na vichaka, mashamba ya mahindi au jalala ana mapambano mawili. La kwanza ni la banda. La pili ni la nyasi ndefu na panya. Kufyeka uwanja na kuondoa takataka kunasaidia sana katika hilo la pili, lakini hakumgusi kupe wa ukutani hata kidogo. Vivyo hivyo kuku. Ni kweli kuku wanakula kupe: watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walichapisha mwaka 1991 matokeo yao ya magharibi mwa Kenya yakionyesha kuku wa kienyeji wakiwadonoa kupe wa ng'ombe kwa wingi. Lakini kuku hadonoi kupe waliojibanza kwenye nyufa za boriti za banda.

Nije kwenye dawa, na nianze na zile zisizofaa, kwa kuwa ndizo zinazotumika zaidi mitaani. Mafuta ya taa, dizeli na oili chafu ya gari vinaunguza ngozi. Mbwa anajilamba, sumu inaingia tumboni na kwenye mapafu. Nimeona mbwa waliobabuka mgongo mzima huku kupe wakiwa bado wamejaa katikati ya vidole vyao. Unga wa kuulia wadudu wa bustanini na sumu ya kunyunyizia mboga visimguse mnyama kabisa.

Dawa za josho la ng'ombe ni habari nyingine. Amitrazi, ambayo inauzwa karibu kila duka la pembejeo, inaua kupe wa mbwa vizuri ikichanganywa kwa kipimo sahihi. Tatizo ni kwamba watu hukadiria kwa kifuniko cha chupa. Ikizidi, mbwa analegea, anapepesuka, mapigo ya moyo yanapungua. Watoto wa mbwa na mbwa wadogo sana wasiogeshwe kwayo bila daktari kusema. Vaa glavu, mwogeshe kivulini, mwache akauke mwenyewe bila kusuuzwa, na mzuie asijilambe mpaka akauke. Kumbuka pia kuwa nguvu yake ni ya siku chache hadi wiki mbili hivi, hivyo anayeichagua ajue amechagua kazi ya kurudiarudia. Na kama nyumba ina paka, uwe macho na dawa zenye permethrini: mbwa anaivumilia, paka inamuua, na huweza kumuua hata kwa kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita.

Kuanzia miaka ya 2013 na 2014 kulikuja kundi jipya la dawa, vidonge vya kutafuna vyenye afoksolana au fluralana. Vya kwanza hulinda kwa mwezi mmoja, vya pili kwa takriban wiki kumi na mbili. Vinapatikana katika kliniki za miji mikubwa. Dawa inaingia kwenye damu, kupe anaanza kunyonya, na kabla ya siku moja au mbili kuisha amekufa. Wengine hulalamika kwamba ni lazima kupe aume kwanza, na malalamiko hayo yana uzito, kwa kuwa Ehrlichia huweza kupita ndani ya saa chache tu za kunyonya. Lakini tazama kinachotokea bandani. Kila kupe mwenye njaa anayetoka ukutani anampanda mbwa na kufa pale kabla ya kutaga yai. Mbwa amegeuka mtego, na ukuta unaanza kumalizika wenyewe. Kwa maoni yangu, kama fedha za mwaka zinatosha dozi chache tu, ni heri zitumike mfululizo kwa mbwa wote wa nyumba kuliko kutawanywa, kidonge kimoja Januari na kingine Agosti. Mbwa aliyewahi kupata kifafa asipewe bila ushauri wa daktari; mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa hizi huweza kusababisha degedege kwa baadhi ya wanyama.

Ipo pia mikanda ya shingoni yenye flumethrini, inayofanya kazi kwa miezi kadhaa. Sifa yake ni kwamba inawafukuza na kuwaua kupe wengi kabla hawajashika sawasawa. Ibane kiasi cha vidole viwili kupita kati ya mkanda na shingo, na kata kipande kinachoning'inia ili mbwa asikitafune. Nunua kwa daktari au duka unaloliamini, kwani mikanda ya bandia ni mingi na haina kitu ndani yake ila harufu.

Bandani kazi ni ya mikono. Toa magunia na godoro uvichome moto. Mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa, ziba kwa saruji, piga lipu, paka chokaa. Kama banda ni la mbao na limeoza, livunje. Kisha pulizia dawa ya kuua kupe kwa bomba, kuanzia juu kwenye paa ukishuka hadi sakafuni, mbwa akiwa nje mpaka kila kitu kikauke. Rudia baada ya wiki mbili, kisha tena baada ya wiki mbili nyingine, kwa sababu dawa nyingi haziui mayai, na lava watakaoanguliwa baada ya mpulizo wa kwanza wanapaswa kukutana na wa pili. Kama mbwa analala barazani, basi baraza ndiyo banda: angalia nyuma ya fremu za milango, chini ya makochi, kwenye mikunjo ya mapazia.

Wiki ya tatu au ya nne ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Umetumia fedha, umesafisha, na bado unaona kupe wakimpanda mbwa. Hao ni wale waliokuwa wamejibanza wakisubiri, na sasa wanatoka. Wanakufa, tena wapo wachache kuliko jana. Usibadilishe dawa, usiache. Nasisitiza miezi mitatu bila kukatiza, na mbwa wote kwa pamoja, hata yule mzee asiyetoka nje na hata mgeni wa jirani anayeingia kula makombo.

Mkono wako nao una kazi kila siku. Mlaze mbwa ubavu, anza ndani ya masikio, kisha nyuma yake, kope, midomo, chini ya mkanda, kwapani, kinenani, chini ya mkia, halafu panua kila kidole cha mguu. Ukimpata kupe, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, pale mdomo wake ulipoingia, umvute taratibu na moja kwa moja. Usimsokote, usimchome kwa kiberiti, usimpake mafuta. Vurugu za namna hiyo huweza kumfanya atapike mate yake yenye vimelea ndani ya jeraha. Mtumbukize kwenye chupa ya spiriti. Kumpasua kwa kucha ni hatari kwako, maana kupe huyohuyo hubeba homa ya binadamu pia. Mtu mwenye homa, kichwa kinachouma na kidonda chenye gamba jeusi mahali alipoumwa amweleze daktari habari ya kupe mapema. Homa za kwetu hukimbiliwa kuitwa malaria, na vipimo vya malaria vikirudi safi mgonjwa hurudishwa nyumbani na dawa za maumivu.

Huko Arizona, Marekani, kupe huyu wa kahawia aliwahi kueneza homa ya kuua watu katika vijiji vya wenyeji asilia ambako mbwa wanazurura kama wanavyozurura kwetu. Mwaka 2012 wataalamu na wanakijiji walichagua jamii moja, wakamvisha kila mbwa mkanda wa dawa na kupulizia kila nyumba. Miezi minne baadaye mbwa waliokuwa na kupe wa kuonekana walikuwa asilimia 1. Katika jamii ya jirani ambayo haikuhusishwa walikuwa asilimia 64. Ninapoona mtaa mzima ukileta mbwa kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, nafikiri jinsi ambavyo siku hiyohiyo ingetosha kukagua masikio yote, na majirani kukubaliana kuanza dawa wiki moja.

Hata banda likishakuwa safi, endelea na dawa miezi miwili baada ya kumwona kupe wa mwisho. Mbwa mpya, awe wa kununuliwa au wa kupewa, asiingie bandani siku anayofika. Mpe dawa, mfunge kando kwa siku mbili, mkague kwa kibano na tochi, na mwombe daktari achukue tone la damu kwenye ncha ya sikio na kulitazama kwa hadubini kabla hajalala na wenzake.